Kununua nyumba Dar kwa kulipa kidogo kidogo: jinsi ya kujilinda kabla deni halijaisha

Dalali akikwambia "mzee hana shida, toa kianzio uingie, hiyo nyingine utamalizia taratibu", furahi kidogo halafu tulia. Kuanzia siku hiyo mpaka siku ya awamu ya mwisho nyumba ni ya mzee kwenye makaratasi na hela yako iko mfukoni kwa mzee, yani vyote viwili viko upande mmoja. Hapo katikati ndo watu wanalizwa. Mwanzoni kila mtu anacheka na soda zinanunuliwa, mwishoni kila mtu kachoka anataka mambo yaishe, ila ile miezi kumi na nane au ishirini na nne ya katikati mtu anaweza kufa, kuoa, kukopa, kugombana na wanae, au tu akaona kiwanja cha jirani kimeuzwa mara mbili ya bei yake na roho ikaanza kumuuma.

Mi nilinunua hivyo. Pagale la vyumba vitatu huko Kivule, milioni 38, nikatoa 14 mwanzo, zile 24 zilizobaki nikawa nalipa milioni moja kila mwezi kwa miaka miwili. Mzee alikuwa mtu safi kabisa, hata leo sina neno baya juu yake. Akafariki nimelipa awamu ya tisa. Hesabu unaipata, milioni 23 zimeshatoka, nina funguo, nimeshapaua na kuweka madirisha, na jina langu halipo popote zaidi ya karatasi mbili zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwahiyo mengi ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa hela, na mengine kwa kukaa kwenye mabenchi ya ofisi za mawakili pale Kisutu nikisikiliza kesi za wenzangu wakati nasubiri zamu yangu.

Niseme mapema kuuziana kwa awamu sio kosa, sheria haikatazi, na kwa wengi wetu ndo njia pekee maana mkopo wa nyumba wa benki unataka hati na kipato kinachoonekana, na nyumba nyingi za Chanika, Mbagala, Goba ya ndani ndani huko hati hakuna. Tatizo ni kwamba tunafanya dili la miaka miwili kwa mkataba wa dakika ishirini.

Kwanza jua unauziwa nini

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Sasa hiyo haki inakuja kwa sura tofauti. Kuna nyumba yenye hati, hapo umiliki umesajiliwa kwa Msajili wa Hati kwa muda maalumu, 33 au 66 au mpaka miaka 99. Kuna yenye leseni ya makazi, ile ya maeneo yasiyopangwa, ya muda mfupi tu na inatakiwa kuhuishwa. Halafu kuna ile ya wengi wetu, mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri mtaani na nyuma yake mkataba mwingine wa aliyemuuzia aliyekuuzia. Usiulize "ina nyaraka?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza ni nyaraka gani na uishike mkononi.

Kama ina hati, fanya upekuzi, hiyo wanayoita sechi, kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata shilingi mia. Utaambiwa mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu mwingine au amri ya mahakama. Hapa watu wengi wanafanya vizuri, wanakosea kitu kimoja tu, wanafanya upekuzi mara moja basi. Dili ya awamu inataka upekuzi wa mwanzo, wa katikati, na wa siku chache kabla ya awamu ya mwisho. Hati iliyokuwa safi mwezi wa pili inaweza kuwa dhamana ya mkopo mwezi wa nane, na mkopo usipolipwa benki inauza nyumba na wewe ukiwa ndani unapika wali. Benki haina ugomvi na wewe wala haikujui.

Na ukiambiwa hati halisi ipo sehemu "imehifadhiwa" af unaoneshwa kopi, dili isimame hapo hapo mpaka uione. Mzee akikasirika mwache akasirike.

Kama haina hati, upekuzi wako ni wa miguu. Nenda na jirani wa kila upande mmoja mmoja, wakuoneshe mpaka na wakwambie nani alikuwa hapo kabla. Omba mikataba ya nyuma yote, muuzaji alinunua kwa nani na huyo alipata wapi. Nenda idara ya ardhi ya manispaa uulize mchoro wa mipango miji unasema nini kuhusu eneo hilo, maana kuna watu wanalipa awamu miaka miwili kumbe wanalipia uwanja wa shule au hifadhi ya barabara. Waliovunjiwa nyumba kando ya Morogoro Road kuanzia Kimara mwaka 2017 wanajua maana ya neno hifadhi ya barabara. Na bonde la Msimbazi silisemei sana, lile hata mvua inakwambia.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri wa kusema "huyu namfahamu na anaishi hapa". Basi. Hana mamlaka ya kukuhamishia umiliki wa ardhi, muhuri wake sio hati, na ile asilimia wanayodai baadhi yao kwenye mauziano, waombe kontroo namba ya serikali uone uso utakavyobadilika.

Mke, mume, na yule ambaye hajatajwa

Hii ndo sehemu inayovunja dili nyingi kuliko utapeli wenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema mtu hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Kwahiyo baba anakuuzia, anapokea awamu zako vizuri, awamu ya kumi na tano mama anatokea Tanga anasema mimi sijauza, na ana haki ya kwenda mahakamani.

Ridhaa iwe ya maandishi, imesainiwa mbele ya wakili, na picha yake ibandikwe. Wake wakiwa wawili wasaini wote wawili, usiingie kwenye ubishi wa nani mkubwa na nani anakaa kwenye nyumba ipi. Muuzaji akisema hajaoa, aape kwa kiapo cha maandishi kwamba hana mwenza, halafu na wewe ulizia mtaani, kwa sababu sheria hiyo hiyo kifungu cha 160 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia kama mke na mume, wanadhaniwa kuwa wana ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yule "dada anayenisaidia saidia hapa nyumbani" wa miaka sita anaweza kuwa mke mbele ya hakimu.

Kwenye awamu kuna kitu cha nyongeza. Mtu anaweza kuwa kapera siku ya mkataba na ameoa siku ya kuhamisha. Ndo maana ridhaa ya mwanzo haitoshi, weka sharti kwenye mkataba kwamba siku ya uhamisho muuzaji ataleta ridhaa ya mwenza yeyote atakayekuwepo siku hiyo.

Nyumba ya urithi sasa. Usinunue kwa "sisi watoto tumekubaliana". Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kama ni Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu namba 4, uione na uende kwenye mahakama iliyotajwa pale uhakikishe jalada lipo. Hapo bado omba warithi wasaini kwamba wanajua. Ni kazi, najua, lakini kuna kazi ya sasa na kazi ya baadaye, na ya baadaye ina gharama ya wakili juu yake.

Mkataba wenyewe

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 kifungu cha 64 inataka mkataba wa kuuziana haki ya ardhi uwe wa maandishi na umesainiwa. Ahadi ya mdomo ya "tutamalizana" haikubebi. Unaruhusiwa kuuandika kwa Kiswahili na nakushauri uwe wa Kiswahili, nimeona mzee wa watu anasaini kurasa sita za Kiingereza af baadae anasema sikuelewa, na hakimu anamwangalia anaona ni kweli hakuelewa.

Wakili awe wakili kweli. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, unaingiza jina unaona kama yupo na anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huo. Dakika mbili. Na wakili wa muuzaji sio wakili wako hata kama ni mcheshi.

Bei iandikwe bei halisi. Kuna huu ujanja wa kuandika milioni 20 kwenye mkataba ili kodi ipungue wakati mnauziana 38. Kwanza thamani ya nyumba inaweza kuthaminiwa na serikali kwa hiyo ujanja haukufikishi mbali, pili mkigombana na mahakama ikasema urudishiwe hela, utarudishiwa ile inayosomeka. Umejiibia mwenyewe. Na iandikwe kwa shilingi, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka 2025 zinakataza kuuziana vitu humu ndani kwa dola.

Bei ya kash na bei ya awamu zikitofautiana, sawa, ni kawaida, mtu anasubiri hela yake miaka miwili lazima aongeze kidogo. Ila iwe namba moja imeandikwa na imefungwa. Msiandike "riba asilimia kadhaa kwa mwezi", hesabu zinawachanganya wote wawili, na kwa Waislamu inaleta na maneno mengine kabisa. Andikeni jumla ni hii, kianzio ni hiki, awamu ni ngapi, kila moja tarehe ngapi, na sentensi moja fupi kwamba bei haitabadilika kwa sababu yoyote ikiwemo kupanda kwa thamani ya eneo. Lami ikifika Kivule mwaka kesho hiyo ni bahati yako.

Halafu ule mtego. Mikataba mingi ya awamu ina mstari unasema mnunuzi akichelewesha awamu mbili mkataba umekufa na hela yote aliyotoa haitarudishwa. Watu wanasaini wakidhani ni maneno ya kutishia. Sasa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkishaandika adhabu ya kuvunja mkataba, aliyevunjiwa anapata fidia ya haki isiyozidi kile mlichoandika, sio lazima apate chote. Kwahiyo hoja unayo ya kumwambia hakimu kwamba kuchelewa miezi miwili hakulingani na kupoteza milioni 23. Lakini hoja inahitaji kesi, kesi inahitaji muda na nauli na wakili, na huku mtu kashabadilisha kitasa. Pigania huo mstari siku ya kusaini. Mimi ningeandika hivi: nikichelewa napewa notisi ya maandishi ya siku 60, nisipolipa ndani ya hizo siku muuzaji anaweza kuvunja, akivunja anakata asilimia mlizokubaliana kama usumbufu na kodi ya miezi niliyokaa, zinazobaki ananirudishia ndani ya muda fulani, na gharama za maendelezo niliyofanya zinathaminiwa. Muuzaji akigoma kabisa kuweka kitu kama hicho, ameshakwambia mpango wake.

Maendelezo hasa yaandikwe. Pagale nililonunua mimi na nyumba iliyopo leo sio kitu kimoja, na mkataba wangu haukusema lolote kuhusu bati langu.

Nyaraka zikae wapi

Kama ningerudi nyuma ningefanya kitu hiki kabla ya vyote. Siku ya kusaini mkataba, muuzaji anasaini pia fomu za uhamisho, kwa ardhi yenye hati ni zile fomu namba 29, 30 na 35, anaambatanisha ridhaa ya mwenza, picha na kopi ya kitambulisho cha NIDA, na hati halisi, vyote vinakaa kwa wakili mmoja ambaye pande zote mnamkubali. Wakili anaandika barua ya ahadi kwamba hatoi nyaraka kwa yeyote mpaka aone uthibitisho wa awamu ya mwisho, au mpaka wote wawili wamwandikie. Hapo muuzaji hawezi kupeleka hati benki maana hana, na wewe huwezi kuhamisha kabla hujamaliza. Wote mmefungwa kamba moja.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kumpa mnunuzi hati ya uwakilishi, yani muuzaji anakuruhusu ufanye mambo yote kwa niaba yake. Sio mbaya kwa kitu kidogo. Ila uwakilishi unakufa na aliyeutoa, akifariki leo asubuhi mchana karatasi yako haina nguvu, na ndo hasa siku ambayo ungeihitaji.

Kitu cha pili ni zuio, kaveati. Mtu yeyote mwenye maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa anaweza kuomba liwekwe kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Likishawekwa, mtu mwingine akija kusajili uhamisho au rehani anakutana nalo. Kumbuka sheria hiyo hiyo inasema uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa haujakamilika mpaka usajiliwe, kwahiyo bila zuio wewe mwenye mkataba kabatini unaweza kupitwa na aliyekuja jana na kash yake akasajili. Muuzaji anaweza kwenda mahakamani kuomba liondolewe, sawa, aende, angalau utajua. Mwambie mapema na muandike kwenye mkataba kwamba ameridhia, asije akaona umemfanyia ujanja.

Ardhi isiyosajiliwa haina kaveati. Pale unaweza kusajili mkataba wako chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, halafu kinga yako nyingine ni kuonekana. Hamia, au weka mtu, panda miti mpakani, majirani wakujue kwa jina. Anayetaka kununua mara ya pili akija kuuliza wamwambie hapa kuna mwenyewe. Sio kinga ya sheria kubwa lakini imeokoa wengi huku kwetu.

Hela ipite panapoonekana

Benki kwenda benki, kutoka akaunti yenye jina lako kwenda yenye jina la muuzaji aliyeko kwenye mkataba, sehemu ya maelezo unaandika "awamu ya 4 kati ya 24 nyumba Kivule". Sio kwa mtoto, sio kwa shemeji, sio kwa dalali eti "nitampelekea". Ukilazimika kutumia simu, tunza zile meseji za muamala na uchapishe taarifa, mahakama zinapokea ushahidi wa kielektroniki tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kila awamu asaini daftari lenye salio lililobaki. Kila miezi sita mkae mwandike ukurasa mmoja, mpaka leo zimelipwa hizi zimebaki hizi, mnasaini wote. Ukurasa huo mmoja ndo ulioniokoa mimi.

Mkataba upelekwe ukalipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, ni asilimia 1. Mkataba usio na stempu mahakamani hauingii kama ushahidi mpaka ulipiwe na faini yake. Na ile kodi ya faida ya mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji kwa sababu faida ni yake, lakini Dar hapa utakuta mnunuzi ndo anabebeshwa, sasa mkubaliane na muiandike maana bila kibali cha TRA uhamisho hausogei. Pango la ardhi nalo semeni nani analipa miezi ya katikati, lisipolipwa linaweza kufika mpaka kufutiwa miliki. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwahiyo anayenunua umeme ndo anayelipa apende asipende, na ukikuta mita ina deni la nyuma utaliona kwenye yuniti zako za kwanza.

Muuzaji akifariki katikati

Mkataba haufi naye. Kifungu cha 37 cha ile Sheria ya Mikataba kinasema ahadi zinawabana wawakilishi wa marehemu kama mkataba haukukusudia vinginevyo. Hilo sikulijua. Siku arobaini haijafika mtoto wake mkubwa wa kiume akanipigia, "dada, baba alisema awamu ziendelee kuja kwangu". Nikamtumia mbili. Mdogo wake naye akapiga, "kaka hana mamlaka, tuma kwangu". Dada yao akaja mpaka mlangoni anasema bei ile baba aliuza akiwa mgonjwa, tukae tuongee upya.

Kinachotakiwa ni hiki. Usimlipe mtu yeyote mpaka awepo msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Lakini pia usikae kimya, maana ukikaa kimya miezi saba, na kwangu ilichukua saba, watasema umeacha kulipa. Andika barua kwa familia, ipitie kwa wakili, useme mkataba upo, nimelipa hadi awamu hii, niko tayari kuendelea, hela natunza kwenye akaunti hii mpaka msimamizi apatikane. Wapokee kwa saini, wakigoma kusaini peleka kwa posta ya rejista au mbele ya shahidi. Kila tarehe ya awamu weka hela kwenye hiyo akaunti bila kuigusa hata mtoto akirudishwa shule kwa ada. Nenda pia kwenye kesi ya mirathi ujitambulishe, msimamizi akiandika orodha ya mali nyumba yako isiingie kama mali ya kugawana, iingie kama mali iliyouzwa yenye salio la kudaiwa.

Wewe mnunuzi ukifariki ni hivyo hivyo upande wa pili, kwahiyo mwambie mwenzako nyumbani. Nimeona mjane anagundua mumewe alikuwa analipia nyumba Toangoma kwa sababu tu muuzaji alipiga simu kudai awamu.

Na ukiwa wewe ndo unauza

Fupi tu. Ukishampa mtu funguo, kumtoa sio kazi ya vijana wa bodaboda wala kung'oa mlango, ni kazi ya Baraza la Ardhi au mahakama, ukitumia nguvu wewe ndo utakuwa mshtakiwa. Kwahiyo kianzio kiwe cha kueleweka, na kama unaweza mpe nyumba kwa mkataba wa kupanga wenye haki ya kununua, kodi iwe kodi na awamu iwe awamu, akishindwa unajua unadai nini. Usikae na deni miaka mingi kwa aibu, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 na ya kurudishiwa ardhi miaka 12. Na usimuuzie kwa awamu Mtanzania wa zamani aliyechukua uraia wa nje bila kupata ushauri, maana Sheria ya Ardhi ina masharti yake kwa asiye raia kumiliki ardhi, usije ukapokea awamu zote halafu uhamisho ugome.

Ikishaharibika

Anza Baraza la Kata kwenu. Tangu mabadiliko ya 2021 wao hawahukumu tena, wanapatanisha tu, wakishindwa ndani ya siku 30 ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa kudai nyumba linasikiliza mpaka thamani ya milioni 300, juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Ukiona kuna mtu analetwa kuoneshwa nyumba yako, usisubiri, omba zuio la muda baraza limzuie muuzaji kuuza wakati kesi inaendelea. Polisi wanahusika kama kuna kughushi au muuzaji kauza kitu kimoja kwa watu wawili kwa makusudi, lakini polisi hawakupi nyumba, nyumba inatoka barazani.

Siku ya awamu ya mwisho usilipe kwa furaha. Upekuzi wa mwisho kwanza, halafu mkutane kwa wakili, hela inaingia mbele ya macho na nyaraka zinatoka mbele ya macho, risiti za pango, mikataba ya nyuma halisi sio kopi, na barua ya muuzaji kwamba hadai kitu. Kesho yake jalada liende ardhi, usilipumzishe.

Kwangu msimamizi alikuwa yule dada yao, na sio siri aliishia kuwa mtu muelewa kuliko wote, tuliukalisha ule ukurasa wa miezi sita wenye saini ya baba yake mezani akautazama muda mrefu, akasema endelea kulipa bei ile ile. Ile milioni mbili ya kaka haikuhesabiwa, nikailipa tena. Meseji ya muamala bado ninayo kwenye simu.